Maandishi Juu ya Kauri

Mwezi wa Juni, saa moja ya asubuhi, wakati umande ungali mzito juu ya majani ya mihogo na moshi wa mekoni ukipanda polepole juu ya mapaa ya Hanga, hapa Ruvuma, kana kwamba hautaki kuagana na nyumba, nuru ya jua huingia katika dirisha la chumba changu kwa mshazari na kulala juu ya meza. Na hiyo ndiyo saa niliyoichagua, miaka mingi sasa, iwe saa yangu ya kusoma. Sisomi kitabu. Nasoma vipande vya kauri, vingine virefu kama kidole cha shahada na vyenye miguu ishirini kila ubavu, vingine vya mraba na vipana kama biskuti, ambavyo zamani vilikaa ndani ya kompyuta vikifanya kazi ya kuhesabu, na ambavyo leo havina kazi ila kukaa katika sanduku la mninga na kushuhudia. Maandishi yaliyo juu yake aghalabu ni ya kijivu juu ya kijivu. Ukiyatazama jua likiwa utosini huoni kitu. Lakini ukikipindua kipande taratibu mpaka nuru ikipige kwa pembeni, herufi hujitokeza moja baada ya moja, kama nyayo za ndege katika tope lililoanza kukauka, na hapo hujua kiwanda, na mwaka, na juma la mwaka, na mara nyingine hata aibu ambayo kitu kile kilizaliwa nayo. Saa tatu ikifika jua limekwisha kupanda, nami hufunga sanduku.

Mafundi wa Songea huita kitu hiki prosesa, na wataalamu wa lugha wamekipa jina la kichakataji. Mimi hutumia neno la mafundi, kwa sababu nililipokea kutoka vinywani mwa watu waliokuwa wameshika kitu chenyewe mkononi. Lakini neno kauri nalipenda zaidi, maana lina fadhila ambayo sijaiona katika lugha nyingine: hulitaja ganda la pwani lililokuwa fedha ya watu kabla ya rupia, na hulitaja pia udongo uliochomwa ukawa mgumu, laini na wenye kung'aa. Vitu hivi viwili vyote hukaa vyema katika kiganja, na vyote viwili vimepata kuthaminiwa kwa sababu isiyoonekana kwa macho ya mpita njia.

Nilikuwa fundi redio kabla sijawa mkusanyaji. Kazi ya redio humfunza mtu kusoma maandishi madogo, kwa kuwa kila kipande kilichomo ndani yake kimeandikwa thamani yake, na fundi asiyesoma huharibu mali ya watu. Lenzi ninayoitumia hata leo, yenye kukuza mara kumi, niliipata kwa mtu aliyerudi Tunduru katika miaka ile ya katikati ya 1990 ambapo vito viliibuka katika mchanga wa mito na wanunuzi wakaja kutoka Thailand na Sri Lanka. Yeye aliitumia kutafuta ufa ndani ya yakuti, na alipokwisha kufilisika akaniuzia kwa bei ya debe la mahindi. Basi lenzi iliyozoea kutazama vito ikageuka kutazama kauri, na sidhani kwamba imeshushwa daraja.

Nchi yetu ilikutana na mashine hizi kwa njia isiyonyooka. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, katika zama ambazo hesabu zilifanywa na makabati ya chuma na wala si na kipande cha kushikwa kwa vidole viwili. Gharama zilikuwa kubwa na matunda machache, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Sitaji habari hii kwa kulaumu. Nchi changa yenye fedha chache za kigeni ilikuwa na haki ya kuuliza inanunua nini. Naitaja kwa sababu ya sadfa iliyomo katika tarehe. Miaka mitatu tu kabla yake, tarehe 15 Novemba 1971, kampuni ya Intel ya California ilikuwa imetangaza prosesa yake ya kwanza, 4004, iliyobuniwa kwa ajili ya vikokotoo vya kampuni ya Kijapani Busicom, yenye miguu 16 na transista 2,300. Na mwaka uleule wa 1974, mlango wetu ulipofungwa, ikatoka 8080, ambayo ndiyo iliyowapa watu wa kawaida wazo la kumiliki kompyuta nyumbani. Kwa hiyo kizazi kizima cha vitu hivi kilizaliwa, kikatumika na kikazeeka ng'ambo ilhali sisi tukiwa nje ya kizingiti. Na mlango ulipofunguliwa, vilivyoingia kwanza vilikuwa aghalabu vile vilivyokwisha kutumika na wengine. Ndiyo sababu katika stoo moja ya mkoani unaweza kukuta, chini ya rundo moja la vumbi, vitu ambavyo vimetenganishwa na miaka kumi na mitano ya umri. Mtu wa nchi zilizotangulia huvitafuta kwa fedha nyingi. Sisi vilitujia vikiwa mtumba, na tukavikalia.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika.

Mwanzoni nilikuwa sikusanyi. Nilikuwa naokota tu, kama mtu anavyookota misumari iliyonyooka kwa kudhani kwamba iko siku itafaa. Siku moja nikaletewa kompyuta kutoka katika nyumba ya marehemu mmoja wa mjini, yenye prosesa ya aina ya 8088, ndugu wa ile iliyowekwa ndani ya kompyuta ya kwanza ya mezani ya IBM mwezi wa Agosti 1981. Ilikuwa imefunikwa na utando wa rangi ya kahawia, vumbi lililochanganyika na moshi wa taa ya chemli. Nikaona vema niisafishe. Nikachukua pamba, nikachukua chupa ya binti yangu ya asetoni, ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikapangusa mara tatu kwa moyo mkunjufu kabisa, kama mtu anavyomwosha mtoto uso. Utando ukatoka. Nilipoitazama pamba, pamoja na ukahawia niliona weupe hafifu, na sikuelewa weupe ule ni wa nini mpaka nilipokirudishia kipande macho: kilikuwa cheusi, laini, safi, hakina hata herufi moja. Wino wote ulikuwa juu ya pamba.

Nilichokumbuka ni herufi D na tarakimu 8 na 0 za mwanzo, na labda 83 mahali fulani upande wa kulia. Mengine sikuwa nimeyasoma, kwa kuwa nilidhani yatanisubiri.

Nikakirudisha kipande mahali pake, nikaiwasha mashine, nayo ikawaka. Ikahesabu kama ilivyohesabu jana. Hapo ndipo fikira iliponiingia, na tangu hapo haijanitoka: kama kitu kinafanya kazi yake yote kama kawaida, hakijapungua uzito wala kasi, nacho kimepotewa na maandishi tu ambayo mashine yenyewe haiyajui na haina haja nayo, basi kilichoharibika ni nini? Kwa mwenye mashine hakuna kilichoharibika. Kwangu nilihisi kwamba nimemfuta mtu ulimi. Kipande kile kilikuwa na habari ya mahali kilikozaliwa na wakati na nani aliyekipima akakipa idhini ya kwenda duniani, na habari ile haikuandikwa mahali pengine popote ila pale. Nami niliifuta kwa wema. Nimeona watu wengi wakilia kwa kuharibu kitu kwa ubaya. Kulia kwa kuharibu kitu kwa usafi ni kulia kwa namna yake.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma kwa nidhamu, na kusoma huku kuna sarufi yake. Herufi inayotangulia jina la prosesa za zamani za Intel hutaja vazi lake: C ni kauri yenye kifuniko cha metali, aghalabu cha dhahabu, D ni kauri mbili zilizobanwa pamoja kwa kioo kilichoyeyushwa, P ni plastiki, vazi la maskini. Mwishoni mwa jina huja kasi. Chini yake huja haki za mwenye ubunifu pamoja na mwaka, na mwaka huo si wa kuzaliwa kwa kipande kile bali wa mchoro wake, jambo linalowapoteza wanafunzi wengi, kwa maana kipande kilichotoka kiwandani mwaka 1986 huweza kuvaa 1978 kifuani. Umri wa kweli umo katika mstari mwingine, ule ambao muuzaji haujali. Katika Pentium, prosesa ya Intel ya baadaye, mathalani, mstari huo huanza na alama ya kiwanda, ikafuata tarakimu moja ya mwaka, kisha mbili za juma. Kwa hiyo L533 ni mwana wa Malaysia, aliyezaliwa juma la 33 la mwaka 1995. Intel ilifungua kiwanda Penang mwaka 1972, na tangu hapo sehemu kubwa ya vipande hivi ilipita katika mikono ya watu wa huko, wengi wao wanawake, waliounganisha nyuzi nyembamba kuliko unywele wakiangalia kwa hadubini. Majina ya kampuni ni ya Marekani. Lakini pindua kipande tumbo lake, mara nyingi utasoma MALAY. Nimeshika mkononi vipande vingi vyenye neno hilo, na kila mara huwaza kwamba kitu hiki kilivuka Bahari ya Hindi yetu hii, bahari ya majahazi na karafuu, kikaenda Marekani au Ulaya kuhesabu mishahara ya watu kwa miaka kumi, kisha kikarudi upande huu wa maji kuja kufia Ruvuma.

Vipo vipande vyenye majina mawili. IBM haikukubali kutegemea mtengenezaji mmoja, na mwaka 1982 Intel na AMD wakawekeana mkataba, ili AMD nayo itengeneze prosesa za Intel. Hivyo unakuta prosesa iliyoandikwa AMD kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la Intel na mwaka wa mchoro. Rafiki yangu mmoja, Myao wa upande wa Tunduru, nilipomwonyesha alielewa mara moja bila maelezo. Kwao mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kuliko baba. Akasema, huyu anaishi kwa baba lakini ukoo wake uko kule. Sijapata kusikia sheria ya hataza ikielezwa kwa ufupi namna ile.

Mtu wa kwanza kunifunza alama hakuwa fundi. Alikuwa bibi yangu, aliyekuwa na sarafu moja ya shaba nyekundu iliyofungwa katika pindo la kanga kuukuu, akaniambia hii ndiyo hela, na kwamba fedha zote tunazoziita hela leo ni watoto wa jina la hii. Alisema kweli. Ilikuwa heller 20 ya Wajerumani, ya mwaka 1916, yenye herufi T, na T ile ni Tabora. Manowari za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, fedha haziwezi tena kuja kutoka Ujerumani, na koloni lililozingirwa likaanza kujipigia sarafu lenyewe katika karakana ya reli ya Tabora, kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano iliyopatikana. Mihuri ilikatwa kwa mkono, ikachakaa, ikakatwa mingine; na kwa hiyo wajuzi wa sarafu hutenganisha zile zenye taji kubwa na zile zenye taji dogo, zile ambazo ncha za herufi L zimechongoka na zile ambazo ncha zimejikunja. Mwaka uleule, kwa dhahabu ya Sekenke, wakapiga rupia 15 zenye tembo, zipatazo 16,000, nazo pia zina aina mbili zinazotofautiana kwa mahali ambapo pambo la ukingoni linaishia, chini ya herufi hii au ile. Mwezi wa Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora na kazi ikakoma. Bibi aliponionyesha sarafu ile nilikuwa mtoto wa miaka minane hivi, na nilichokishika si vita wala ufalme. Nilishika kwamba L moja imejikunja, na kwamba kujikunja kule ni mkono wa mtu fulani, siku fulani, aliyekuwa na haraka.

Nilipoanza kusoma prosesa, miaka mingi baadaye, sikuona kwamba nimeingia katika jambo geni. Nilikuwa nimerudi katika pindo la kanga ya bibi.

Sasa nifike mahali ambapo moyo wangu hukaa zaidi. Mwaka 1985 Intel ilitoa 386, yenye transista 275,000, ya kwanza katika ukoo wake kushughulika na tarakimu 32 za sifuri na moja kwa pamoja. Mwaka 1987 ikagundulika kwamba baadhi ya vipande hukosea katika kuzidisha tarakimu hizo 32, si daima, bali katika hali fulani za joto na umeme. Ugonjwa wa kujificha. Kampuni ingeweza kufanya mambo mengi. Iliyoyafanya ni haya: kila kipande kilichopimwa upya kikafaulu kilichapwa alama mbili za sigma, ile herufi ya Kigiriki ambayo wanahesabu huitumia kwa jumla, zikisimama pamoja kama mashahidi wawili, na vile vilivyoshindwa havikuvunjwa, bali viliandikwa juu yake, kwa Kiingereza waziwazi, kwamba ni vya programu za tarakimu 16 tu, kisha vikauzwa kwa kazi hiyo vinayoiweza.

Yatazame vema maneno hayo. Ni kitu cha biashara, kilichotengenezwa ili kiuzwe kwa faida, nacho kimebeba juu ya uso wake, pale ambapo wengine huandika sifa, neno la kukiri upungufu wake. Nimesoma matangazo mengi ya dawa, ya mbegu na ya mbolea katika maisha yangu hapa Ruvuma, na sijaona gunia lililoandikwa kwamba mbegu hizi zitaota kwenye udongo mwekundu tu, kwenye kichanga usizipande. Kwa hiyo kwangu alama ile ni ya heshima kuliko kifuniko cha dhahabu. Nina kipande kimoja cha sigma mbili, nimekiweka katika chumba cha kwanza cha sanduku. Kile cha pili, chenye kukiri, sina. Nimekiona katika picha tu, na kama Mungu akinijalia kimoja kabla sijafa, nitakiweka juu ya kile cha kwanza.

Alama hizo hazikuwafundisha wote, wala hazikuifundisha kampuni ile yenyewe mara moja. Mwaka 1994 profesa wa hisabati wa Virginia aitwaye Thomas Nicely, aliyekuwa akifanya hesabu za namba tasa zinazofuatana mbili mbili, aliona kwamba Pentium yake inakosea katika kugawanya. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu sahihi huanza na 1.33382, Pentium ile ilitoa 1.33373. Chanzo kilikuwa jedwali lililomo ndani ya prosesa, ambalo vituo vitano vyake vilikosa thamani zilizostahili kuwamo. Kwanza ikasemwa kwamba kosa ni dogo na litamgusa mtu mara chache mno. Kelele zilipozidi, mwezi wa Desemba, ikakubaliwa kwamba kila anayetaka abadilishiwe, na hasara ikahesabiwa kuwa dola milioni 475. Pentium hizo zilizorudishwa hazikuwa na alama yoyote ya kukiri. Mwenye kutaka kuzijua leo hana budi kusoma ile namba fupi ya herufi na tarakimu iliyochapwa kando, akailinganisha na orodha. Ugonjwa ni mmoja na ule wa 386, wa hesabu. Lakini huko nyuma uliandikwa usoni, na huku ulifichwa katika namba. Tofauti hiyo imenishughulisha asubuhi nyingi.

Kisha kuna alama za uongo. Prosesa nyingi za kasi mbalimbali hutoka katika bamba moja la silikoni, ndugu wa tumbo moja. Hupimwa, na kila moja hupewa kasi ambayo inaistahimili, na bei hufuata kasi. Katika miaka ya 1990 wahalifu walinunua zile za polepole, wakasugua maandishi kwa msasa, wakachapa kasi kubwa zaidi. Mnunuzi alipata kitu kinachochemka na kuzimika ovyo bila kujua kwa nini. Katika sanduku langu mnayo moja ya namna hiyo, na kwa macho matupu ni nzuri kuliko zote, herufi zake nyeupe na zimenyooka. Lakini chini ya lenzi ya Tunduru, jua likiwa chini, uso wote una mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, kama shamba lililopigwa jembe la ng'ombe, na ukingoni, pale msasa haukufika, kuna mkia wa tarakimu ya zamani, nadhani ya tatu. Sikuitupa. Hiyo nayo ni ushahidi, ila ni ushahidi wa jambo jingine.

Hanga ni mahali panapofaa kwa fikira za namna hii. Watu hupajua kwa abasia yake, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 kwa msaada wa watawa wa Peramiho ili Waafrika wapate kuwa na nyumba yao ya utawa. Na kengele zake ndizo saa yangu, maana saa ya ukutani niliacha kuiamini zamani. Sikuwa mtawa, bali jirani. Lakini mtu hawezi kukaa miaka mingi karibu na mto asijue rangi ya maji yake, na Bruda mmoja, mwashi, marehemu sasa, ndiye aliyenieleza kwamba katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, sura ya 31 inamwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba, majembe na sufuria, kwa jicho lilelile analovitazamia vyombo vya altare. Na sura ya 32 inamtaka abati awe na orodha ya zana, ili ajue anachotoa na anachopokea. Aliponiambia hivyo nilikuwa bado sina daftari. Nilinunua jioni ileile. Ndani yake kila kipande kina mstari wake: siku kilipofika, kimetoka wapi, kimeandikwa nini juu, kimeandikwa nini chini, na hali ya miguu yake. Kile kilichopanguswa kwa asetoni kina namba 1, na mahali pa maandishi nimeweka nukta.

Vijana wanaonunua vyuma chakavu ni maadui zangu na ni rafiki zangu. Wanapita na mizani ya kuning'iniza, wananunua kwa kilo masufuria, betri za magari, redio na kompyuta, na tangu waliposikia kwamba prosesa za zamani zina dhahabu, bei imebadilika. Dhahabu imo kweli: katika miguu, katika kifuniko, katika nyuzi za ndani. Ni tabaka jembamba, na kuitoa huhitaji tindikali ambayo mapafu ya mwanadamu hayaihimili. Wapo wanaojaribu kwa moto, na moshi wake hupita juu ya nyumba za watu. Mataifa ya Afrika yalifanya mkataba Bamako mwaka 1991 kuzuia taka za sumu zisiletwe barani kwetu, lakini mkataba haukai shambani kumzuia kijana wa miaka kumi na saba mwenye kiberiti na njaa.

Mmoja wao alipita kwangu mwaka juzi, gunia begani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Chakavu tu, babu. Wanasema ndani yake mna dhahabu."

Nikamwambia weka chini tuone. Mlikuwa na madabodi tatu, yaani mabamba makuu ya kompyuta, zilizokunjwa kwa mguu ili ziingie, na juu ya moja prosesa ya 486 bado imelala mahali pake. Nikaitoa kwa bisibisi bapa, kidogo kidogo, pembe kwa pembe, kama inavyotakiwa, nikaiinamisha kwenye jua. Akasogea. Nikampa lenzi.

"Naona namba."

"Soma."

Akasoma kwa shida, tarakimu moja moja, na alipofika kwenye neno la chini akasita, akauliza MALAY ni nini. Nikamweleza Malaysia iko wapi, na meli hupita wapi. Akakaa kimya, kisha akauliza kitu ambacho mimi nilichukua miaka kukiuliza: "Sasa waliotengeneza, wanajua iko hapa?"

Nilimlipa zaidi ya bei ya dhahabu, jambo ambalo halikuhitaji fedha nyingi, nikamwambia kwamba akipata nyingine asiitoe kwa nyundo, na juu ya yote asiifute, hata kama ni chafu namna gani. Sikutumaini kitu. Vijana wa gunia wana njia ndefu, leo Namtumbo kesho Tunduru, na maneno ya wazee ni mazito kubeba pamoja na vyuma.

Mvua za masika zikaja zikapita. Mwezi wa Juni, asubuhi, nikiwa mezani, akabisha hodi. Hakuwa na gunia. Alitoa mfukoni kitu kilichofungwa katika ukurasa wa gazeti, kisha ndani yake katika ganda la muhindi, na ndani ya ganda mlikuwa na prosesa ya miguu 40, ya aina ya D, yenye utando mzito wa kahawia juu, tope la nyigu katikati ya miguu, na mguu mmoja umepinda.

"Sijaipangusa, babu," akasema.

Nikasogeza kiti chake upande wa dirisha. Jua lilikuwa bado chini. Nilimwachia aishike yeye, nami nikamwonyesha kwa kidole namna ya kuiinamisha, polepole, mpaka nuru iupate uso wake kwa ubavu. Na chini ya ule utando, kushoto, ikaanza kuonekana herufi ya kwanza. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe, nikangoja anisomee.